Siku Karani Alipounusa Mguu wa Shemeji

Karibu na bomba la maji la jengo lile refu, lenye maduka chini na vyumba vya kupanga juu, palibandikwa karatasi yenye masharti kumi na mawili. Hakuna mpangaji aliyeyajua yote, lakini kila mmoja alilijua kwa moyo lile linalomkataza jirani yake.

Watu wa humo walichukiana kwa utaratibu. Muuza vitambaa alimchukia muuza simu kwa sababu ya spika. Muuza simu alimchukia muuza vitambaa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa kuhusu spika. Lakini wote, ukiwapanga mstari kuanzia mlango wa mbele hadi choo cha nyuma, walikubaliana jambo moja: kwamba Fundi Msumari, mshona viatu wa kibanda cha chini ya ngazi, alikuwa binadamu kwa makadirio tu.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alifanya kazi akiwa amejaza misumari midogo mdomoni, akiusukuma mmoja mmoja kwa ulimi mpaka kwenye midomo, anauchukua, anaugonga. Kwa hiyo maneno yake yote yalipita katikati ya misumari kabla ya kumfikia mtu, na yalifika yamechongeka.

"Fundi, kiatu changu kinatibika?" mteja aliuliza.

"Kiatu hakiumwi. Mguu wako ndio unatembea kama umetumwa kwa lazima."

Mke alivumilia miaka tisa. Asubuhi aliyoondoka alibeba begi moja, akamwekea mumewe mapajani mtoto wa mbwa aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. "Huyu nakuachia," alisema, ujia mzima uliopita katikati ya maduka ukimsikia. "Labda mtaelewana, kwa sababu hajibu." Mke akaenda zake. Shemeji, dada wa mke, hakwenda. Alikuwa na saluni mkabala na kibanda, mlango kwa mlango, hatua sita tu katikati. Fundi alipata talaka ambayo nusu yake ilibaki ikimtazama kila siku kupitia kioo cha saluni. Na kama hiyo haitoshi, wapangaji walimchagua Shemeji kuwa mwenyekiti wao, wakijua kabisa wanachokifanya.

Mtoto wa mbwa akakua, akapata cheo. Mafundi wengine huandika jina la mteja kwa chaki chini ya soli, au hufunga kikaratasi kwenye kamba. Msumari alichukia kuandika kama alivyochukia kusalimia. Mteja akirudi kuchukua kiatu, hakumuuliza jina wala rangi. Alisema, "Vua. Nyoosha mguu." Mbwa anaunusa, anaingia kwenye lundo la viatu nyuma ya kibanda, anarudi na kiatu chenyewe amekishika kwa kisigino. Ndiyo maana akaitwa Karani. Kwa miaka kumi Karani hakukosea hata mara moja, jambo ambalo makarani wenye meza na mihuri hawawezi kulisema bila kucheka.

Wateja hawakupenda. Mtu ana tai shingoni, ana mkutano, halafu anaambiwa anyooshe mguu mbele za watu ili anuswe. Lakini alinyoosha. Hata mwenye soksi iliyotoboka kidole alinyoosha, akatazama dari.

Sasa siri. Fundi Msumari hakuwa mwizi. Ungemwita mwizi angekurushia nyundo, kwa dhamira safi kabisa. Yeye alihukumu. Kiatu kikiingia kwake alikifungua ndani, akaitazama ile ngozi laini inayokaa chini ya unyayo, akamfikiria mwenye kiatu. Kama mwenyewe alimuudhi, ngozi ilitoka, na mahali pake kikaingia kipande cha boksi kilichopakwa rangi na kubandikwa gundi. Kama mwenye kiatu hajamuudhi, au amemuudhi kidogo kuliko wengine, alipewa ngozi ya yule aliyeudhi, imepunguzwa kwa kisu mpaka ikamtosha. Hakuna aliyeambiwa neno. Nusu ya jengo ilitembea juu ya boksi kwa sababu ya jambo walilolisema mwaka juzi na wakalisahau. Yeye hakusahau, na alilala vizuri.

Karani alipofika miaka kumi na mitatu, uzee ulimwingia kama mgeni asiyebisha hodi. Macho yakapata ukungu. Nyonga zikakakamaa, akitaka kuinuka, anainuka kwa awamu, mbele kwanza, halafu anasubiri, halafu nyuma inakubali. Alilala kutwa kwenye gunia lake. Siku nyingine alisimama akiutazama ukuta, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.

"Ukuta huo umekukosea nini?" fundi alimuuliza. "Geuka, mzee wa hovyo."

Asubuhi moja Karani alivuka ujia, akaingia saluni, akainua mguu juu ya kikapu cha taulo safi. Aliuinua kwa shida, alichukua muda mrefu, na wateja wawili wenye vichwa vya povu walimtazama mpaka akamaliza.

Shemeji alikuja kibandani ameibeba taulo ya juu kwa vidole viwili.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Mbwa wako amekojolea kazi yangu."

"Ametoa maoni."

"Mbwa wako kichwa kimekwisha. Haoni, hasikii, amelala njiani kama gogo, juzi mteja wangu nusura avunjike meno. Sharti la tisa unalijua?"

Fundi hakulijua. Lilikuwa halimkatazi jirani yake. Shemeji akamsomea bila karatasi: "Mnyama asiye na kazi hakai ndani ya jengo." Liliandikwa zamani kwa ajili ya paka wa ghala la nafaka, na paka hao walifanya kazi yao kwa siri kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuiona ikifanyika.

"Karani ana kazi," fundi alisema.

"Alikuwa nayo. Wapangaji tumekaa. Jumamosi ya tatu kuanzia leo, saa nne, hapa ujiani, mbele ya watu wote: viatu ishirini kwenye lundo, watu watano watanyoosha mguu. Akipata wote watano, kaa naye hadi muoze pamoja. Akikosa hata mmoja, daktari wa mifugo atakuwepo na sindano yake." Neno sindano alilisema kwa sauti ile ile anayotumia kusema shampuu. "Barua hii hapa. Katibu ameshatia sahihi."

Katibu alikuwa muuza vitambaa, mtu aliyependa kutia sahihi kuliko kula. Wiki ile ile mokasini za katibu zilikuwa kwenye lundo zikisubiri kisigino. Zilipata kisigino. Na boksi pia.

Usiku huo? Hapana, fundi hakulia usiku wala hakuzungumza na mwezi. Alimfunga Karani kamba, akaenda naye mchana huo huo, mwendo wa mitaa miwili, dakika arobaini, mpaka kwa daktari wa mifugo. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye glavu na uvumilivu mdogo. Alimshika Karani masikio, nyonga, meno. Akamwekea kipande cha ini kavu chini ya kikombe, akakisogeza kikombe. Karani akakisukuma kwa pua, akala.

"Mzee, huyu hajachanganyikiwa," alisema. "Amechoshwa."

"Amechoshwa na nini? Analala kutwa!"

"Amechoshwa na kulala. Mwili hautembei, akili haitumwi, kila kitu kinaganda. Wateja wako wangapi kwa siku?"

"Siku hizi wanne. Watu wananunua raba za kutupa."

"Zamani?"

"Thelathini."

"Basi. Umemstaafisha bila kumwambia. Mtembeze mara mbili kwa siku, dakika ishirini, si zaidi, na usimburute. Badilisha njia, anuse vitu vipya; kwake kunusa mtaa mpya ni kama wewe kusoma gazeti. Ngazi marufuku, mbebe. Sakafu inayoteleza mwekee mkeka. Chakula usimpe kwenye sahani, kifiche, akitafute. Mfundishe kitu kipya kila wiki. Na uongee naye."

"Naongea naye."

"Nimesikia. Hapo mlangoni umemwita ghala la viroboto."

"Hilo ndilo jina lake la nyumbani."

Daktari aliandika kitu kwenye kadi. "Jumamosi ile mwenyekiti wenu ameniita na mimi," alisema bila kuinua macho. "Nitakuja na mkoba kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo nenda ukafanye yako." Kisha akatoa chini ya meza jozi ya viatu vyake vya kazi. "Na hivi vimefumuka pembeni."

Alivichukua. Kesho yake alivishona, na ndani akaweka ngozi laini, ya mokasini za katibu, akaikata ikamtosha.

Wiki tatu hizo jengo lilipata burudani. Saa kumi na mbili asubuhi fundi alishuka ngazi ishirini na mbili kutoka chumbani kwake, amembeba Karani kifuani kama gunia la mkaa lenye pua, akihesabu kila ngazi kwa tusi jipya. Chini alimweka, wakatoka. Siku ya kwanza kupitia gereji, Karani akanusa kila tairi. Siku ya pili kupitia kiwanda cha mbao. Siku ya tatu nyuma ya mwoka mikate, ambako Karani alikaa chini akakataa kuondoka mpaka mwoka mikate mwenyewe akatoka na upanga wa maneno. Jioni tena, njia nyingine.

"Fundi, mnatafuta nyumba ya kupanga?" muuza simu alimpigia kelele.

"Tunatafuta mtu mwenye akili. Mtaa wako tumeshaumaliza."

Kibandani alimpangia Karani buti tatu: la mvua, la jeshi, na moja la mchezaji mpira lililokosa mwenzake. Ndani ya moja, kipande cha ini kavu. Wiki ya kwanza Karani alilinusa lile lenye ini, akalala juu yake. Wiki ya pili aliliangusha, akalisukuma kibanda kizima, na ini halikutoka. Fundi alikaa anamtazama, misumari mdomoni, amekunja ndita.

"Geuza. Ligeuze, mjinga wewe. Miaka kumi na mitatu unaishi na viatu hujui kiatu kina mdomo?"

Wiki ya tatu Karani alilala chini, akalikumbatia buti kwa miguu miwili ya mbele, akalibinua. Ini likaanguka. Fundi alitazama huku na huku kama kuna mtu ameona, halafu akampapasa kichwa mara moja, haraka, kama mtu anayezima moto. Toka siku hiyo akaanza kulificha nyuma ya mguu wa chuma wa kugongea viatu, ndani ya kopo la brashi, chini ya kofia yake mwenyewe. Karani akaacha kuutazama ukuta. Hakuwa na muda.

Jambo moja tu lilimsumbua fundi. Mwishoni mwa wiki ya kwanza katibu alipokuja kuchukua mokasini, akavua, akanyoosha mguu, Karani aliunusa, akaingia kwenye lundo, akarudi na kiatu cha daktari wa mifugo.

"Sicho," fundi alimkemea. "Rudi."

Karani alirudi, akasimama katikati ya viatu viwili, akanusa kimoja, akanusa kingine, akaleta kile kile. Katibu alicheka mpaka akashika ukuta. "Jumamosi ile nitafika mapema sana," alisema. "Nisikose."

Fundi alimtafutia mokasini kwa mikono yake mwenyewe. Jioni ile hakumtukana Karani hata kidogo, na Karani akawa na wasiwasi. "Pua nayo," fundi alijisemea. "Imestaafu na macho." Aliilaumu pua, akailaumu hali ya hewa, akalilaumu ini. Mkono wake mwenyewe, uliokuwa na gundi bado kwenye kucha, hakuulaumu.

Jumamosi saa nne ujia ulijaa. Watu waliokuwa hawajawahi kuamka kwa ajili ya kufagia mlango walikuja na viti. Viatu ishirini vililundikwa katikati, kimoja kimoja, vingine vya wapangaji, vingine vilivyokuwa kibandani. Daktari alisimama kando, mkoba miguuni. Fundi alijaza misumari mdomoni ingawa hakukuwa na kitu cha kugonga.

Muuza simu akanyoosha mguu. Karani akaunusa, akaenda, akarudi na raba yake ya kijani. Watu wakaguna. Mke wa fundi saa akanyoosha; Karani akaleta sandali yake. Wa tatu na wa nne walikuwa wapangaji wa juu, mmoja alikuwa amejipaka manukato mguuni kwa makusudi. Karani alipiga chafya, akamtazama kwa dharau, akaleta kiatu chake.

Bado mmoja. Shemeji aliketi kwenye kiti chake cha saluni, kile chenye magurudumu. Buti lake refu la kushoto alikuwa amelivaa, la kulia lilikuwa kwenye lundo, na mguu wa kulia ulikuwa mtupu. Akanyoosha mguu.

Karani aliunusa. Akaunusa tena, kwa furaha, kama anayekutana na mtu wa zamani. Akaingia kwenye lundo. Alilipita buti refu la Shemeji, lililokuwa juu kabisa, linaonekana hata kwa mwenye ukungu. Akachimba. Akarudi na kiatu cheusi cha kiume, chenye kamba na kung'aa, akakiweka mbele ya Shemeji na kutikisa mkia.

Kisha mke wa fundi saa akasimama.

"Hicho ni kiatu cha mume wangu."

Fundi saa, mtu mfupi mpole aliyetengeneza saa karibu na mlango wa mbele, alikitoa kioo chake cha kukuzia jichoni polepole.

"Kiatu cha harusi," mkewe aliendelea. "Anakivaa mara mbili kwa mwaka, na mimi nikiwa pembeni yake. Mwenyekiti, mguu wako ulifuata nini ndani ya kiatu cha mume wangu?"

Ujia ulilipuka. Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika.

"Mimi?" fundi saa alisema, sauti imempanda. "Mama watoto, mimi huyu mwenyekiti namwogopa! Nikiona kivuli chake nafunga duka!"

Shemeji alisimama na mguu mmoja mtupu. "Nyamazeni! Hamuoni? Hamuoni mnachokiangalia? Mbwa amechanganyikiwa! Ndilo nililosema. Kichwa kimekwisha, pua imekwisha, anaokota chochote. Wiki mbili zilizopita alimletea katibu kiatu cha mwanamke. Katibu, sema!"

"Kweli kabisa," katibu alisema. "Nina sahihi."

Na jengo lote likaona raha ya jambo hilo. Mke wa fundi saa alishusha pumzi. Fundi saa alikaa chini. Mbwa akiwa amechanganyikiwa, kila ndoa ilikuwa salama. Hakukuwa na mtu hapo aliyehitaji mbwa awe na akili.

"Arudie," Fundi Msumari alisema. "Mara moja tu. Mnyama mzee, kelele nyingi."

Walimpa, kwa sababu walitaka kucheka tena. Kiatu cheusi kikarudishwa chini kabisa ya lundo, na buti la Shemeji likawekwa mbele. Shemeji akaketi tena, akanyoosha mguu. Karani akaunusa, akatembea hadi kwenye lundo, akalipiga buti teke kwa mguu wa mbele, akachimba, akaleta kile kile. Safari hii hakukiweka chini. Alikipandisha mapajani kwa Shemeji, kisha akaja kwa fundi, akakaa, akasubiri ini lake.

"Daktari," Shemeji alisema, "fungua mkoba."

Daktari hakuinama. "Mzee?" alimuuliza fundi.

Ndipo fundi akakumbuka. Lile buti: Shemeji alilileta kubadilisha zipu, akasema mbele ya wateja kwamba dada yake analala usingizi mzuri siku hizi. Ngozi ya ndani ilikuwa safi, laini, imekunywa jasho lake miaka sita. Na siku ile ile fundi saa alileta viatu vya harusi, akamsalimia, akaondoka bila kuuliza kitu. Mokasini za katibu. Viatu vya daktari. Karani hakuwa amekosea hata mara moja. Alikuwa anasoma maandishi ya fundi mwenyewe.

Angenyamaza, angebaki na kibanda chake na jina lake la fundi. Kazi yake ingekuwa ile ile, lundo lile lile, na gunia tupu kwenye kona. Karani alimtazama kwa macho yale ya ukungu, akalamba pua, akasubiri.

Fundi Msumari alifungua mdomo, akatema misumari yote kiganjani. Kumi na saba. Watu wakashtuka, wengine hawakuwahi kuyaona meno yake.

"Mbwa yuko sahihi," alisema.

Mke wa fundi saa akapiga kelele.

"Tulia, mama. Mumeo hana kosa, hata kama angetaka asingeweza." Alichukua kile kiatu cheusi mapajani kwa Shemeji, akaingiza ncha ya kisu, akaibandua ngozi ya ndani, akaigeuza, akampa daktari. "Soma nyuma."

Daktari aliinua ngozi kwenye mwanga. "Arobaini na mbili," alisoma.

"Mume wangu anavaa thelathini na tisa," mke wa fundi saa alisema polepole.

Macho yote yakateremka kwenye mguu mtupu wa Shemeji, ambaye kwa miaka yote alisema anavaa thelathini na nane na kwamba viatu vya siku hizi hutengenezwa vidogo. Aliurudisha mguu chini ya kiti. Haukutosha.

Fundi alikuwa ameshalichukua buti refu. Akaingiza kisu. Kilichotoka ni kipande cha boksi la sabuni, rangi imeanza kubanduka, na chini ya kisigino maandishi mekundu: UPANDE HUU JUU.

"Nimetembea," Shemeji alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza, "nimetembea mwezi mzima juu ya hii?"

"Mwezi na nusu."

"Kwa nini?"

"Ulijua kwa nini ulipokuwa unaongea."

Baada ya hapo hakukuwa na mkutano, kulikuwa na watu sabini wanaovua viatu. Visu vya matunda vilitoka, funguo zilitoka, mmoja alitumia uma. "Boksi!" muuza simu alipiga ukelele. "Mimi boksi! Nilikukosea nini?" "Spika," fundi alimjibu. Mpangaji wa juu mwenye manukato alikuta boksi la biskuti. Katibu alikuta boksi la dawa ya mbu, akaliangalia kama anayetafuta mahali pa kutia sahihi. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alikuta ngozi, akaanza kulia, kwa sababu hakujua kwamba kuna mtu humo ndani anayempenda.

Fundi saa alikuja na kiatu chake kilichobanduliwa. "Kwa hiyo mimi, fundi mwenzangu, unanipenda?"

"Nakuvumilia."

"Na mimi?" daktari aliuliza. Alikuwa ameshainua ukingo wa ngozi ndani ya kiatu chake.

"Wewe ulisema amechoshwa. Wengine walisema amekwisha."

Daktari alifunga mkoba ambao haukuwa umefunguliwa.

Shemeji alijiweka sawa kitini, akagonga mkono wa kiti kama nyundo ya hakimu. Uso wake ulikuwa umepata kazi mpya. "Sharti la tisa limemalizika," alisema. "Mbwa ana kazi, anakaa. Sasa tuje kwa huyu. Kuna sharti la mtu mwenye kazi mbaya?"

Katibu alipitia karatasi. Halikuwepo.

"Liandike. La kumi na tatu."

Liliandikwa pale pale, na halikuwa fupi. Kibanda kikafungwa, ufunguo akachukua mwenyekiti. Fundi ataketi ujiani, katikati, mbele ya mlango wa saluni, mikono ionekane. Atarudisha ngozi ya kila mtu kwenye kiatu chake. Na kiatu chochote hakitatoka mpaka Karani akinuse, nje na ndani, na mwenyewe anyooshe mguu. Fundi akisema neno baya, siku inaongezwa.

"Na mbwa?" fundi aliuliza.

"Mbwa ndiye msimamizi wako. Husikii?"

"Sawa," fundi alisema, na wengi waliona ajabu kwamba hakuongeza kitu.

Kazi ilichukua wiki tano. Ngozi zilikuwa zimehama miguu mara mbili, mara tatu. Nyingine zilikuwa zimekatwa mpaka hazikumtosha mtu yeyote. Karani alikaa kwenye mkeka wake mpya, ananusa mguu, anakwenda kwenye ngozi zilizotandazwa sakafuni, anachagua. Wateja arobaini kwa siku. Akichoka alilala nusu saa, na foleni ilimsubiri kimya, watu wazima wameshika viatu mkononi. "Karani, hujambo," walisema wakifika. Fundi hawakumsalimia. Daktari alipita, akamshika nyonga, akasema anatembea vizuri kuliko mwezi uliopita, apunguziwe zamu.

Matembezi ya jioni yakachukuliwa na Shemeji, kwa kuwa fundi alikuwa na kazi, alisema, na kazi hiyo alijitafutia. Saa kumi na moja alivuka ujia na kamba yake mwenyewe, nyekundu, akamtoa Karani bila kumtazama mtu aliyekaa kando yake. Alimpitisha njia mpya, ya nyuma ya shule, ambayo fundi hakuwa amemwonyesha kamwe. Karani alirudi na matope mpaka tumboni, anatabasamu kama mhuni.

"Umempitisha wapi?" fundi aliuliza katikati ya misumari.

"Karani," Shemeji alisema, "mwambie huyo haimhusu."

Siku ya mwisho ya wiki ya tano lilibaki buti moja refu. Shemeji akaketi, akavua, akanyoosha mguu. Karani akaunusa kwa adabu zote, akaenda, akarudi na buti lake. Shemeji aliingiza kidole, akainua ukingo wa ngozi, akachungulia chini yake, akanusa mwenyewe kwa uhakika zaidi. Akalivaa. Akatembea hatua sita mpaka mlangoni kwake, akarudi hatua sita.

"Limekaa," alimwambia mbwa.

"Arobaini na mbili," fundi alisema chini chini.

Shemeji alisimama. Watu wa foleni wakageuka kumtazama. Kisha akageukia mlango wa katibu na kupaza sauti ujia mzima usikie: "Katibu! Muongezee wiki mbili!"

Fundi Msumari alisukuma msumari mmoja kwa ulimi, akauchukua, akaugonga. Kwa mkono mwingine, bila kugeuka, alichomeka kipande cha ini ndani ya buti la mvua, akaliegemeza buti, mdomo wake ukiwa umebanwa ukutani, jambo ambalo hakuwahi kulijaribu. Karani alinyanyuka mbele, akasubiri, akanyanyuka nyuma, akaenda kulitazama tatizo hilo jipya.